Sifa Isiyolipa Deni

Kuna sifa ya kweli, na kuna sifa ya kufunika. Sifa ya kweli humwonyesha mtu pamoja na kazi yake. Sifa ya kufunika humtandikia mtu shuka jeupe, watu wakastaajabia weupe wa shuka, wasimwone aliye chini yake. Nadai katika insha hii kwamba mwalimu mwanamke wa Kikatoliki, aliyelea watoto wake na kufundisha watoto wa wenzake katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, amesifiwa kwa sifa ya namna ya pili. Nadai pia kwamba wewe, msomaji kijana, ndiwe mwenye wajibu wa kuliondoa shuka hilo.

Tuanze na Soko la Burma. Soko hili liko kando ya Barabara ya Jogoo, jirani ya Kaloleni na Shauri Moyo. Wengi hulijua kwa nyama. Huenda huko kununua mbavu, matumbo na mifupa ya supu, wakarudi makwao bila ya kujiuliza kwa nini soko la Nairobi lina jina la nchi ya Asia. Jina hilo ni ukumbusho wa vita. Mwaka 1944 askari wa Afrika ya Mashariki walipelekwa na Waingereza kupigana na Wajapani huko Burma. Walipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua na malaria, na mwezi wa Desemba wakavuka mto Chindwin. Waliorudi walirudi na jina hilo, nalo likakaa mtaani mpaka leo, ijapokuwa nchi yenyewe ilibadili jina lake kuwa Myanmar mwaka 1989.

Tembea zaidi utaona kwamba mitaa hii yote ni kitabu cha makumbusho. Kariokor ni jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtaa wa Mbotela ulipewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1952. Mitaa ya Ofafa ilipewa jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Sina ugomvi na majina hayo. Mtu aliyebeba mzigo wa vita, na mtu aliyemwagwa damu, anastahili kutajwa. Lakini nauliza: ni mtaa gani, ni soko gani, ni barabara gani hapo iliyopewa jina la mwanamke aliyewafundisha watoto wa mitaa hiyo kusoma jina la mtaa wao?

Wala usidhani kwamba kazi yake ilikuwa ndogo. Wakati wa ukoloni mji wa Nairobi ulipangwa kwa fikira kwamba mwanamume Mwafrika angekuja kufanya kazi, kisha arudi kwao. Mke na watoto walihesabiwa kuwa si wa mji. Makao mengi ya wafanyakazi yalikuwa mahali pa kuweka kitanda tu. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza iliyokusudiwa kukaliwa na mume, mke na watoto. Maadamu watoto waliingia mjini, sharti shule ziwepo. Na maadamu shule zilikuwepo, sharti awepo mtu wa kusimama mbele ya ubao. Kambi ya vibarua haikugeuka kuwa mji kwa sababu ya matofali. Iligeuka kwa sababu watoto walikaa, wakafundishwa, wakakua hapo.

Mfikirie mwalimu wa namna hiyo. Aliamka kabla ya jogoo, akateka maji kwenye bomba la mtaa, akawasha jiko la makaa. Alifika darasani mapema kuliko wanafunzi wake. Jioni alipita sokoni akapima fedha yake kwa macho kabla ya mchinjaji kupima nyama kwa mizani. Usiku, wanawe walipolala, alifungua daftari za wana wa wengine akasahihisha. Jumapili alikuwa kanisani, pengine katika parokia ya Mtakatifu Petro Klaveri, ambayo imewahudumia Waafrika wa mji huu tangu wakati wa ukoloni. Alifanya kazi mbili kila siku, na ya tatu siku ya Mungu. Siku alipofariki, watu walisimama mbele ya jeneza wakasema: alikuwa mama mwema, mpole, mcha Mungu. Kisha wakakaa.

Kwa nini yalisemwa hayo tu? Jibu langu ni kwamba kumbukumbu haijitunzi yenyewe. Askari ana kikosi chake, na kikosi kina daftari. Mwanasiasa ana magazeti. Hata mtawa mwalimu ana shirika lake: masista wa Loreto, waliofika Kenya mwaka 1921, wana nyumba yao na kumbukumbu zao, na jina la sista haliendi kaburini peke yake. Mwalimu mama hana kikosi, hana gazeti, hana shirika. Watoto wake humkumbuka kwa chakula na mapenzi, maana hayo ndiyo waliyopewa nyumbani. Walioiona kazi yake ya darasani ni wanafunzi wake tu. Wasipoiandika wao, hakuna mwingine awezaye kuiandika.

Labda utasema kwamba jambo hili huwapata wanyonge tu, na kwamba mwanamke mashuhuri huepukana nalo. Basi tuvuke mpaka, twende Tanzania, tuutazame mfano unaojulikana kwa wote. Mama Maria Nyerere, Mkatoliki, alisomea ualimu huko Sumve, akafundisha shule ya Nyegina karibu na Musoma. Mwaka 1953 aliolewa na Julius Nyerere, ambaye naye alikuwa mwalimu. Nyumba moja ikawa na walimu wawili. Jina la heshima la Mwalimu likaenda kwa nani? Likaenda kwa mume, likamshika hata likawa kama jina lake la ubatizo. Mke akabaki na jina la Mama. Silaumu mtu kwa kumwita hivyo, maana ni jina la heshima kubwa katika lugha yetu. Lakini ikiwa ualimu wa mwanamke anayejulikana na taifa zima waweza kusahauliwa namna hiyo, itakuwaje kwa yule wa Kaloleni, ambaye jina lake halikuvuka Barabara ya Jogoo?

Wako watu wenye hoja tatu dhidi yangu, nami nitazijibu moja baada ya moja.

Wa kwanza husema: ualimu ni wito, na mwenye wito hadai. Neno hili ni zuri masikioni, lakini limetumika vibaya. Aliyeitwa na Mungu hakuacha kula, wala watoto wake hawakuacha kuhitaji viatu. Mkono mtupu haulambwi. Kanisa lenyewe halifundishi kwamba kazi njema ilipwe kwa pongezi. Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika waraka wake mashuhuri juu ya hali ya wafanyakazi, akasisitiza kwamba mfanyakazi ana haki ya ujira utoshao kumpatia riziki. Ni kweli kwamba waraka huo ulimfikiria mwanamke kuwa mtu wa nyumbani zaidi. Lakini kanuni ya haki ikisha kutamkwa, haichagui suruali wala gauni.

Sasa tazama ulimwengu ulimtendea nini. Mwaka 1951 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kumlipa mwanamke sawa na mwanamume kwa kazi yenye thamani sawa. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2001, yaani baada ya miaka 50. Sheria ya ajira ya mwaka 1976 ilimpa mwanamke miezi miwili ya likizo ya uzazi yenye malipo, lakini kwa sharti kwamba aipoteze likizo yake ya mwaka. Yaani aliyezaa alihesabiwa kuwa amekwisha kupumzika! Sharti hilo liliondolewa na sheria ya mwaka 2007, iliyompa miezi mitatu kamili bila ya kumnyang'anya likizo yake nyingine. Kwa miaka 30 na zaidi tulimsifu mama kwa midomo, na sheria yetu ikamtoza faini kwa sababu ya umama. Hiyo ndiyo maana nasema kwamba sifa yaweza kufunika. Atazamaye shuka jeupe haulizi mshahara.

Wa pili husema: mtu mwema hataki kutangazwa, na wema hauozi. Nakubali kwamba wema hauozi. Lakini waweza kufukiwa. Unyenyekevu ni fadhila ya mtenda, si udhuru wa mtendewa. Yeye alikuwa na haki ya kunyamaza juu ya kazi yake. Mimi na wewe, tuliokula matunda ya kazi hiyo, hatuna haki hiyo. Mdaiwa akisema kwamba hamlipi mdai wake kwa sababu mdai ni mpole, utamwita mtu wa adabu, au utamwita mwizi?

Wa tatu husema: umama ni cheo kipitacho vyeo vyote, akisha kuitwa mama, amekwisha kupewa yote. Hoja hii ndiyo ngumu kuijibu, maana nusu yake ni kweli. Lakini pima hivi: mwalimu mwanamume akifa, je, twasema tu kwamba alikuwa baba mwema, kisha tukakaa? Hatufanyi hivyo. Twataja shule alizofundisha, vyeo alivyoshika, na watu wakubwa waliopita mikononi mwake. Baba huzikwa na kazi yake, na mama huzikwa na tabia yake. Umama na ualimu ni kazi mbili; kuitaja moja ili kuisahau nyingine ni kumpunja. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Basi, msomaji, ufanye nini? Sikuombi uandamane wala upake rangi vibao vya mitaa. Nakuomba uchukue daftari. Katika mtaa wako yuko mwalimu mwanamke aliyestaafu. Nenda kwake kwa adabu, mwamkie kama upasavyo kumwamkia bibi yako, umwulize maneno yenye mwili. Alisomea ualimu wapi, na mwaka gani? Darasa lake la kwanza lilikuwa na watoto wangapi? Mshahara wake wa kwanza ulikuwa shilingi ngapi, nao ulinunua nini sokoni? Alipojifungua, alirudi kazini baada ya siku ngapi? Nani alimshika mtoto alipokuwa darasani? Hapo huenda ukakuta deni jingine, la yaya ambaye hata daftari la mahudhurio halikumtaja, liandike nalo.

Wala usimfanye malaika. Mwulize kama alichapa kupita kiasi, kama kuna mtoto aliyemwonea, kama watoto wake mwenyewe walikosa muda wake kwa sababu aliwapa wengine. Mtu asiye na kosa katika maandishi huwa hana uso, na asiye na uso hakumbukwi. Twataka mtu mzima, si sanamu ya plasta.

Mwezi wa Novemba Wakatoliki huwaombea marehemu, na katika parokia nyingi majina yao huandikwa na kupelekwa altareni. Ni desturi njema, kwa sababu yakiri kwamba mtu akisahauliwa jina amepata kifo cha pili. Lakini jina peke yake halitoshi kwa mtu aliyefanya kazi. Soko la Burma halikupewa jina kwa sababu askari wale walikuwa wapole. Lilipewa jina kwa sababu kuna mahali walipokwenda na jambo walilotenda. Mwandikie mwalimu wako mahali pake na jambo lake: shule, mwaka, darasa, mshahara. Mwandikie angali hai, aweze kukusahihisha kwa wino mwekundu.