Taabu Si Hatimiliki: Kuhusu Masimulizi ya Walowezi wa Uasin Gishu

Baadhi ya wahakiki wetu wamezoea kuyasoma masimulizi ya walowezi kama fasihi ya uvumilivu. Hoja yao ni kwamba dhiki ni dhiki, nayo humgusa msomaji bila kujali rangi ya anayedhikika. Hoja hii inavutia, lakini imepotoka.

Hatukatai kwamba dhiki ilikuwapo. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jan van Rensburg walitoka Nakuru kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakapanda milima yenye misitu na matope hadi uwanda wa Uasin Gishu. Eldoret, mji ambao wenyeji waliuita Sisibo kutokana na shamba nambari 64, haukupata reli hadi mwaka 1924. Anayedai kwamba maisha hayo yalikuwa mepesi hajui asemalo.

Linalomhusu mhakiki ni kazi ambayo taabu hiyo hufanya katika usimulizi. Msimulizi huanza na uwanda mtupu, akamweka shujaa wake mvuani na katika upweke, na ifikapo tamati msomaji amekwisha kusadiki kuwa aliyetoa jasho ndiye mwenye ardhi. Je, nani aliyeufanya uwanda uwe mtupu? Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Kisha Wanandi wakasukumwa kwa nguvu hadi katika hifadhi. Walowezi walipofika, utupu ulikuwa umekwisha kutengenezwa kwa bunduki.

Mwaka 1957 vilichapishwa vitabu viwili: No Easy Way cha Elspeth Huxley, kuhusu chama cha wakulima walowezi, na Kenya Diary cha Meinertzhagen, ambamo muuaji mwenyewe anasimulia kifo cha Koitalel. Asomaye cha kwanza pasipo cha pili amesoma sentensi iliyoondolewa mtendwa.

Hata hivyo, tusijitakase upesi. Wapo miongoni mwetu wanaombadilisha shujaa na kuiacha mantiki ile ile: aliyetangulia au aliyeteseka zaidi ndiye mwenye haki, na jirani yake ni mgeni. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na mji huu liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo. Mhakiki wa Eldoret hawezi kujifanya hajui mantiki hiyo yaweza kufika wapi. Mashimo ya Wasirikwa yanatukumbusha waliotangulia kabla ya wote tunaowataja, na jina Uasin Gishu lenyewe ni la Wamaasai walioshindwa vitani katika karne ya 19.

Kwa hiyo tusiwaondolee wanafunzi wetu vitabu vya walowezi. Tuvisome sambamba na masimulizi ya wazee wa Kinandi, na kila simulizi, yakiwemo yale tunayoyapenda, tuliulize swali moja: ni nani aliyefutwa ili shujaa huyu aonekane yuko peke yake?