Faili bila maelezo, gunia la makumbi!

Mimi huku Pangani nipo, nadunda, upepo wa bahari unanipiga bure bila tiketi. Wiki iliyopita tulizungumzia washkaji wanaoazima nguo za kwendea harusini halafu hawarudishi, na wale waliochukia wameniletea salamu zao. Nimezipata, ahsanteni.

Leo naomba tuhame kidogo, tuingie kwenye kompyuta. Usifunue ukurasa wa pili dada yangu, ngoja kwanza! Habari yenyewe haina uprofesa. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne na kompyuta sijaisomea popote. Ila kisa hiki kimenikuta, na kama kimenikuta mimi, wewe pia hujapona.

Nianze na swali. Ushawahi kununua gunia la nazi, ukalibeba mpaka nyumbani jasho linakutoka, kulifungua ukakuta makumbi matupu? Basi mwaka 2024 mimi nilifungua magunia ya namna hiyo 43.

Ilikuwa hivi. Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa na studio yake ndogo hapa mjini. Picha za pasipoti, picha za harusi, kuchapa barua za kuombea kazi, fotokopi, vyote humo humo. Alifariki mwaka 2021. Wakubwa wakagawana vitu vya maana: mashine ya fotokopi, pikipiki na minazi. Mimi nikaachiwa kitu ambacho hakuna aliyekitaka, ile diski ya nje inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Nikaitupia kabatini, nikaisahau.

Siku moja Bibi, mama yake marehemu, akaniita.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Hebu kaa."

Bibi akikwambia kaa, ujue si habari ya hela ya sukari.

"Nataka picha ya mdogo wangu," akasema. "Ile mwanangu aliyotupiga ng'ambo kule, tunasubiri pantoni. Uso wake umeanza kunipotea."

Nikaishiwa pozi. Bibi mdogo alikuwa anakaa Bweni, ng'ambo ya mto, na alifariki mwaka 2013. Ukutani hakuacha picha hata moja. Sasa mtu anapokwambia uso wa ndugu yake wa tumbo moja unampotea, utamjibu nini? Nikamwambia, "Bibi, kesho utaipata." Domo langu hilo!

Nikaazima laptopu ya mshkaji, nikachomeka diski. Ndani nikakuta mafaili 43, yote ya ZIP. La kwanza linaitwa kazi1, la pili kazi2, mpaka kazi43. Basi, hakuna jingine.

Kwa wasiojua, faili la ZIP ni kama godoro la sponji unalolikunja na kulifunga kamba ili likae juu ya basi. Limebanwa, lakini ukikata kamba linarudi vilevile, halipungui hata uzi. Kompyuta inabana kwa ujanja wa kutafuta vinavyojirudia. Ukiandika "nazi nazi nazi nazi", yenyewe inaweka nazi moja na alama ya kusema rudia. Maandishi yanabanika ile mbaya. Picha za kamera hazipungui sana, kwa sababu kamera imeshazibana tangu mwanzo, ila watu wanapenda ZIP kwa kuwa picha 200 zinakuwa furushi moja.

Usiku wa kwanza nikafungua mafurushi kumi. Bibi harusi nisiyemjua, bwana harusi nisiyemjua, keki, keki tena, watoto wamekaa kwenye jamvi, mzee kavaa kanzu amesimama mbele ya Boma. Usiku wa pili ni hivyo hivyo. Usiku wa tatu umeme ukakatika. Asubuhi Bibi ananitazama tu, haulizi, na kule kutouliza kwake kuliniuma kuliko angeuliza.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa kompyuta aliyekuwa rafiki wa marehemu. Akanisikiliza, akacheka. "Maelezo umeyasoma?"

"Maelezo gani?"

Akalifungua faili moja kwa programu ya WinRAR, na pembeni yakajitokeza maandishi! Mimi nilikuwa nabofya mara mbili tu, Windows inanifungulia kama folda ya kawaida, hainionyeshi kitu. Kumbe faili la ZIP lina mfuko wake mkiani, na mfukoni humo unaweza kuweka maneno yako. Chukulia kanga mpenzi msomaji. Kanga bila jina itakusitiri vizuri tu, lakini aliyekupa alitaka kukwambia nini? Sasa ZIP nayo ina mahali pa kuandika jina lake.

Tukayapitia yote 43. Yaliyoandikwa maelezo yalikuwa sita tu. La tano kati ya hayo, kazi31, lilisema hivi: "Idi kubwa, Novemba 2011, Bweni. Picha ya 14 ni mama na mama mdogo wanasubiri pantoni. Usifute. Mama akiiulizia apewe."

Sikuweza kusema kitu. Marehemu alijua kwamba ipo siku mama yake ataiulizia, na alijua siku hiyo huenda yeye asiwepo. Mistari miwili ya maneno ikafanya kazi ambayo macho yangu yalishindwa kwa siku tatu.

Sasa huu mfuko ulitoka wapi? Aliyetuletea ZIP ni Mmarekani Phil Katz wa Milwaukee. Mwanzo alikuwa na programu nyingine, akashitakiwa na kampuni moja kwamba ameiga ya kwao. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 1988, na mwaka 1989 akaja na PKZIP, yenye aina mpya ya faili. Jinsi faili lenyewe lilivyojengwa akaitangaza wazi ili kila mtu aweze kuitumia, ndiyo maana ZIP imeenea mpaka kwenye studio ya Pangani. Na nafasi ya maelezo aliiweka ya kutosha: inameza mpaka baiti 65,535, na kwa Kiswahili chetu herufi moja ni baiti moja. Safu hii unayoisoma ingeingia mzimamzima mara sita.

Miaka ile kabla intaneti haijaenea, watu walikuwa wanapiga simu kompyuta kwa kompyuta kuchukua programu. Wenye vituo hivyo walikuwa na viprogramu vidogo vya kugongea matangazo yao kwenye maelezo ya kila faili linalopita kwao. Ulifungua faili unakutana na jina la kituo na namba ya simu. Ilikuwa biashara tu, lakini angalau ulijua mzigo umepitia kwa nani.

Katz mwenyewe hakuwa na mwisho mwema. Pombe ilimmaliza, akafa Aprili 2000 akiwa na miaka 37. Lakini jaribu jambo moja: chukua faili la kawaida la ZIP, lifungue kwa nguvu kwenye programu ya kuandikia. Utaona vurugu tupu ya alama, ila herufi mbili za mwanzo ni PK. Phil Katz. Jamaa aliandika jina lake kwenye gunia, na mpaka leo dunia nzima inalibeba.

Haya, tufanye kazi. Kama unatumia WinRAR, lifungue faili lako ndani ya programu hiyo, bonyeza Alt na M kwa pamoja, kitatokea kidirisha, andika maneno yako kisha kubali. Basi! Kama una Mac, au Linux yenye programu hizo, fungua dirisha la amri na uandike zip -z harusi.zip, weka maelezo yako, na mstari wa mwisho weka nukta peke yake. Ukitaka kuyasoma, andika unzip -z harusi.zip. Na ukitaka kila picha iliyomo iwe na mstari wake, tumia zip -c, nayo itakuuliza moja baada ya nyingine. Vilivyobanwa ndani havibadiliki, faili linaongezeka uzito wa hayo maneno tu.

Ila kuna mambo mawili ya kuangalia, ndugu yangu, usije ukaniletea lawama.

La kwanza, maelezo hayana kufuli. Hata kama faili umelifunga kwa neno la siri, maelezo yanasomwa na yeyote. Kati ya yale sita, moja lilikuwa limefungwa, na ndani yake kuna vyeti vya mteja, vya shule na vya kuzaliwa. Unajua marehemu aliandika nini kwenye maelezo? Neno la siri lenyewe! Yaani umefunga mlango halafu ufunguo umeutundika kwenye komeo. Nilicheka, lakini kidogo, maana vyeti vya watu si mchezo. Mteja nikamtafuta, nikampa faili lake, yangu nikafuta.

La pili, maelezo yanakaa kwenye furushi, si kwenye picha. Ukishafungua na kutoa picha nje, zinatoka peke yake, maneno yanabaki kwenye ZIP. Kwa hiyo usilitupe furushi. Na ukitaka uhakika zaidi, andika maneno hayohayo kwenye faili dogo la maandishi, uliweke humo humo ndani kabla ya kubana.

Turudi kwa Bibi. Nilimpelekea picha ya 14 jioni ile ile. Wamesimama wawili, kanga za sare, mmoja kashika kapu, nyuma yao mto umejaa. Bibi aliishika laptopu kama mtu anayeshika mtoto mchanga. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe alikuwa mfupi kuliko mimi." Akacheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Nikafikiri pameishia hapo. Wapi! Akauliza, "Na nyingine?" Nikamfungulia faili jingine, lile la bibi harusi nisiyemjua. "Huyu? Huyu si mtoto wa yule muuza samaki, alichukuliwa Unguja." Nikafungua la mzee wa kanzu. "Huyo alikuwa nahodha. Mwambie mkewe yupo hai, anakaa Mwera."

Basi tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya chakula tunakaa barazani, Bibi anataja, mimi naandika. Nani, wapi, lini. Mpaka sasa mafaili 29 yana maelezo yake. Mke wa nahodha tumempelekea picha yake, imetundikwa sebuleni. Kuna manane ambayo Bibi ameyatazama mara mbili akatikisa kichwa. Hawajui. Harusi nzima, watu wamevaa wakapendeza, na hakuna wa kusema ilikuwa ya nani. Aliyejua alikuwa mmoja, naye hakuandika.

Yamebaki sita. Na Bibi, mpenzi msomaji, Ijumaa iliyopita aliniita kwa jina la baba yangu mdogo, mara mbili. Sikumsahihisha. Niliitika, nikafungua faili linalofuata.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wewe una simu yenye picha elfu tatu na flashi tano kwenye droo. Leo usiku kabla hujaanza kuchati na huyo mchumba wako, chukua furushi moja tu, uliandikie mistari mitatu. Na kama una bibi, anza na lake.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Wasalaam!