Bunge la Kerala na Kalamu ya Delhi

Wako wasomi wanaoisifu Katiba ya India kwa kuyapa majimbo mabunge yao wenyewe. Sifa hiyo ina walakini. Mwaka 1957 wananchi wa Kerala walichagua Bunge lao la kwanza, na Chama cha Kikomunisti, kikiongozwa na E. M. S. Namboodiripad, kikaunda serikali kwa kura, si kwa mtutu wa bunduki. Serikali hiyo ilipiga marufuku kuwafukuza wakulima wapangaji mashambani, na Juni 1959 Bunge likapitisha muswada wa ardhi. Makabaila, wenye shule za binafsi na baadhi ya viongozi wa dini wakajaza barabara. Ghasia hizo ndizo zilizofanywa kisingizio. Julai 31, 1959, Rais, kwa ushauri wa serikali ya Nehru (naye alisifika kwa demokrasia!), aliiondoa serikali na kulivunja Bunge kwa ibara ya 356, ambayo mizizi yake imo katika sheria ya kikoloni ya 1935. Wingi wa wajumbe haukuwa umepotea. Ilichukua hadi 1994 Mahakama ya Juu kutamka, katika kesi ya Bommai, kwamba wingi hupimwa ndani ya Bunge, wala si ofisini kwa Gavana. Leo Bunge la Kerala lina viti 140 vya kuchaguliwa. Ibara ya 356 ingali ndani ya Katiba.