Tusingoje Msiba Ndipo Tufike

Ndugu zangu Wapemba, kwenye msiba hatukosi. Mtu akifa Konde, jamaa wa Kengeja wamo njiani. Kaburi huchimbwa, mchele hufika, hitima husomwa. Ombi langu ni kwamba tuwahi zaidi. Mzazi anapougua saratani ambayo madaktari hawatarajii tena kuiponya, tumwendee angali anatusikia.

Mgonjwa huvushwa kwa boti kutoka Mkoani hadi Unguja, kisha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road. Safari ya tiba ni haki yake. Lakini ugonjwa ukishaenea, uamuzi huwaangukia watoto. Aliyeko Muscat anataka apelekwe tena, aliyeko Unguja anatuma pesa, na binti aliyebaki Wete ndiye anayemgeuza mzee usiku kucha. Shamba la mikarafuu linauzwa, na mzee mwenyewe haulizwi. Pengine hata jina la ugonjwa amefichwa kwa kuonewa huruma, na huruma hiyo humnyima nafasi ya kulipa madeni, kutaka radhi na kusema anataka kufia wapi.

Basi tufanye mambo matatu.

Kwanza, tuwaulize wazazi wetu mapema. Wasia si jambo geni kwetu; tumezoea kuusia mali. Tuusiane pia kuhusu uuguzi: nani awe karibu, nani aseme na daktari, safari zikome lini.

Pili, kila shehia iwe na kikundi cha kuuguza. Huko Kerala, India, majirani waliofunzwa huwatembelea wagonjwa majumbani wakishirikiana na wauguzi. Sisi tuna masheha, maimamu, akina mama na vijana wenye nguvu. Kumwogesha mgonjwa, kumpikia uji, kukaa naye ili binti yake alale: hayo ni ya zamu, na yanawezekana.

Tatu, tudai maumivu yatibiwe. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hutengenezwa kwa unga wa dawa na maji, na gharama yake ni ndogo. Uganda iliruhusu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, ili wagonjwa wa vijijini wasiteseke kwa kukosa daktari. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo, wala si ulevi. Tuwaambie wawakilishi wetu na Wizara ya Afya: hospitali za Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni ziwe nayo wakati wote, na wauguzi wa Pemba wafunzwe tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona.

Tuanze Ijumaa hii. Baada ya sala, wazee wa kila mtaa wazijue nyumba zenye wagonjwa wa namna hii, waombe ridhaa ya familia, kisha wapange zamu za wiki ya kwanza. Na sisi wengine tujitokeze kuandikwa.