Tulihesabiwa mara tatu



Majuma matatu sikuandika ukurasa huu, na wengine mliniuliza sokoni kama nimechoka. Sijachoka. Nilikuwa Unguja, kisiwa kikubwa cha Zanzibar, kwa mdogo wangu, binti wa mama mdogo, aliyeolewa kule. Amejaliwa mtoto wake wa kwanza, nami nilienda wakati wa likizo kubwa kumsaidia. Sikujua kwamba safari hiyo ingenifikisha chini ya bahari.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu yumo katika kikoba, ndiyo AVEC ya kule: wamama wanaweka feza, wanakopeshana, mwisho wa mzunguko wanagawana. Mwaka huu waliweka pembeni kidogo kidogo ili waende pamoja siku mbili Matemwe, pwani ya kaskazini-mashariki, na kutoka pale kwa mashua hadi matumbawe ya Mnemba. Mdogo wangu alikuwa amelipa zamani, kiisha mtoto akafika. Akaniambia: “Dada, nafasi yangu imelipwa. Nenda wewe, feza yangu isizame bure.”

Nilicheka, lakini tumbo lilikuwa baridi. Mnajua sisi wasichana wa Kalemie. Tunazaliwa kando ya ziwa, tunaoga ndani yake tukiwa wadogo, kiisha siku moja mama anasema umekuwa mkubwa, acha kucheza na wavulana majini. Kuanzia siku hiyo ziwa linakuwa la kufulia nguo na kuoshea vyombo tu. Nina miaka zaidi ya 30 na sikuwa najua kuelea.

Siku ya posho tulifundishwa mahali maji yanapofika kifuani. Mwalimu wetu alikuwa msichana wa kulekule Unguja, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Kwanza alitupa karatasi ya maswali: una pumu? ugonjwa wa moyo? kifafa? masikio yanauma? una mimba? Mama mmoja alikuwa ameandika hapana kila mahali. Alipoulizwa kwa mdomo, akainamisha kichwa na kusema labda ni miezi miwili. Wenzake hawakuwa wanajua. Mwalimu alimpongeza, akampanga pamoja na wale watakaoelea juu na miwani tu. Mwenye mimba hazamii na mtungi wa hewa, kwa sababu haijulikani vizuri hewa ile iliyobanwa inaweza kumfanyia nini mtoto tumboni. Tukabaki wanne wa kuzama kati ya wamama 14.

Kiisha akatufundisha kanuni ambayo alituambia tuirudie kama watoto wa kalasi ya kwanza: usizuie pumzi kamwe. Kwenye kina cha meta 10, uzito wa maji na hewa juu yako ni mara mbili ya ule ulio nao nchi kavu. Ukijaza mapafu pale, ukafunga mdomo na kupanda hadi juu, hewa ile inavimba mara mbili, na mapafu yanaweza kupasuka kama baloni. Kwa hiyo unapumua polepole bila kuacha, na unapanda polepole. “Dada,” akaniambia, “ukisahau mengine yote, hili usisahau.”

Siku ya yenga asubuhi tulifika kwenye mashua. Nahodha alikuwa na daftari. Aliandika jina la kila mmoja, akatuhesabu, akamwachia kijana mmoja pwani karatasi yenye majina hayohayo. Kila mmoja alivaa jile, lile koti la kuelea, na nahodha mwenyewe alizunguka akivuta kamba kuona kama zimefungwa. Kuvuka hadi Mnemba si mbali. Kisiwa unakiona kutoka pwani. Hata hivyo hakuwasha injini mpaka jile la mwisho lilipofungwa.

Tulizama wawili wawili. Kila mtu ana mwenzake, na kabla ya kuingia majini unakagua vyombo vya mwenzako naye anakagua vyako: mtungi umefunguliwa? mkanda umefungwa? hewa inatoka? Mimi mwenzangu alikuwa mwalimu.

Kwenye meta 5 hivi maji yaliingia ndani ya miwani yangu. Wamama, nilisahau yote. Nilitaka kupanda mbio. Mwalimu alinishika mikono miwili, akaniangalia machoni, akanionyesha kwa mkono: vuta, toa, vuta, toa. Sijui ilichukua muda gani. Moyo ulipotulia niliyatoa maji kwa kupuliza puani kama tulivyojifunza, na ndipo nikaona tulipokuwa.

Matumbawe si mawe, wala si maua, ingawa yanafanana na vyote viwili. Ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja, kila mmoja akijijengea nyumba ya chokaa juu ya nyumba za waliomtangulia, miaka mamia. Ndani ya vyumba hivyo samaki wadogo wanajificha wasiliwe. Niliona samaki wa njano, wa buluu, wenye milia kama kitenge kipya. Kasa mmoja alipita karibu, hakutujali hata kidogo. Haturuhusiwi kugusa kitu. Teke moja linavunja kilichojengwa kabla ya bibi zetu kuzaliwa. Nilikumbuka kwamba ziwa letu Tanganyika nalo lina samaki wa aina zaidi ya 200, na wengi wao hawaonekani ziwa lingine lolote duniani. Sijawahi kuwaonyesha wanafunzi wangu hata mmoja akiwa hai.

Tuliporudi juu, nahodha akahesabu tena. Akapata 13. Akahesabu mara ya pili: 13. Mashua yote ikanyamaza. Hakuna aliyesema twende tu, atakuja na mashua nyingine. Mwalimu alikuwa amekwisha kuvaa miwani arudi majini wakati sauti ndogo ilitoka mbele, chini ya turubai: mama yule mwenye mimba alikuwa amelala pale kwa kichefuchefu. Tulicheka hadi machozi. Nahodha hakucheka. Aliweka alama kwenye daftari, ndipo akawasha injini. Pwani tulihesabiwa mara ya tatu, na kijana akachana karatasi yake.

Nililala usiku huo nikifikiri juu ya njia niliyopita. Kutoka Kalemie hadi Kigoma nilivuka kwa mashua usiku, juu ya ziwa ambalo mahali penye kina kirefu lina meta 1470. Hakuna aliyeniuliza jina. Majile yalikuwa machache, yamefungwa pamoja chini ya magunia. Nami, mwalimu mwenye diploma, nilikaa kimya nikaomba Mungu. Kule Mnemba, kwa kina cha meta 8, tulihesabiwa mara tatu.

Nilimkumbuka pia mtoto mmoja wa kalasi ya tano, mwaka nilipoanza kufundisha. Alipanda mtumbwi na jirani kwenda kununua ndagala kwenye kambi ya wavuvi. Upepo ukaja. Waliookolewa walipoulizwa walikuwa watu wangapi, mmoja alisema 9, mwingine 12. Mama yake alifikiri mtoto amelala kwa shangazi. Zilipita siku mbili mtu yeyote asijue kwamba huyo naye ni wa kutafutwa. Mimi asubuhi hizo mbili niliita jina lake kalasini, nikaandika: hayupo.

Na Oktoba 2024 sote tulisikia habari ya mashua iliyotoka Minova ikazama karibu na Kituku, Goma, watu wakiangalia kutoka pwani. Pale pia idadi ya waliopanda ilileta mabishano.

Wamama, siwaombi mwende kuzama baharini. Naomba tulete nyumbani daftari la nahodha yule. Haya tunaweza kuyafanya sisi wenyewe:

Kwanza, majina. Kikundi kikisafiri kwenda soko la Moba au la kambini, katibu aandike majina yote, watoto pia, na karatasi moja ibaki kwa mtu wa pwani.

Pili, majile. Tuna sufuria na viti vya kikundi tunavyokodisha kwa arusi. Tununue majile machache kila mzunguko, tukodishe vivyo hivyo. Mtoto avae la kipimo chake. La mtu mkubwa linamtoka kichwani akiingia majini. Na mtoto mchanga mtoe mgongoni, umpakate mbele, usimfunge chini ya jile lako.

Tatu, kuelea. Watoto wetu, wasichana pia, wajifunze kulala chali majini, masikio ndani ya maji, tumbo juu, wakipumua polepole. Mtu mzima awe karibu kwa mkono, mahali pasipo kina, mbali na midomo ya mito kwenye mamba na viboko. Bidoni tupu ya lita 20, iliyofungwa vizuri kifuniko, inamshikilia mtu juu ya maji mpaka msaada ufike.

Nne, mdomo. Mashua ikijaa, tushuke. Mama mmoja akishuka anaitwa mwoga. Kumi wakishuka, mwenye mashua atatafakari.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Safari yetu ya mwisho majini, nani alijua tulikuwa wangapi? Katika nyumba yangu, nani anajua kuelea?

Mimi nimeanza. Tangu nirudi, siku ya posho saa tatu asubuhi ninakwenda pwani na binti yangu na wa jirani wawili. Juzi nililala chali kwa mara ya kwanza bila kushikwa. Binti yangu alikuwa kando yangu akihesabu pumzi zangu kwa sauti.

Juma lijalo: vitabu vya mwaka mpya wa masomo, na namna ya kuvitafuta bila kuingia deni.

Mwalimu wenu