Wakulima wasikubali hongo ya barabarani iwe gharama ya biashara

MKULIMA wa viazi Kinangop anapouza gunia lake shambani, hukatwa pesa ambazo haziandikwi kwenye risiti yoyote. Dalali hupiga hesabu ya mafuta, ya wapakiaji na “ya barabarani”, kisha akashusha bei. Hiyo ya barabarani ni hongo ambayo baadhi ya maafisa wa polisi huitisha vizuizini kabla ya lori kufika soko la Wakulima, Nairobi.

Tuchukue mfano. Dereva akitoa Sh200 katika vizuizi vitano, safari moja imekula Sh1,000. Akisafiri mara tatu kwa wiki, ni Sh3,000. Mzigo huo haumlemei dalali. Humwangukia mkulima na mnunuzi wa mwisho.

Tunaelewa kwa nini wengi hulipa na kunyamaza. Nyanya na maziwa havingoji mabishano. Lakini si lazima malalamishi yatolewe pale pale kizuizini. Dereva anaweza kufikisha mzigo sokoni, kisha aripoti.

Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi (IPOA) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili raia wasilazimike kumshtaki polisi kwa polisi mwenzake. Hupokea malalamishi bila malipo, kwa mdomo au kwa maandishi, na mlalamishi anaweza kuomba jina lake lisifichuliwe. Hongo pia huripotiwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC).

Malalamishi yasiyo na maelezo hayafiki mbali. Andika tarehe, saa, mahali, nambari ya gari la polisi na jina au nambari iliyo kwenye sare. Sheria inamtaka kila polisi aliyevaa sare aonyeshe kitambulisho hicho. Iwapo aliyesimamisha lori ni askari wa kaunti anayetoza ushuru wa mazao, IPOA haina mamlaka juu yake. Peleka lalama kwa kaunti au kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki (CAJ).

Madereva wakumbuke kwamba chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa ana hatia sawa na anayepokea. Kwa hivyo ni heri kuripoti hongo inapoitishwa, kabla mkono haujaingia mfukoni.

Hapa ndipo vyama vya ushirika vinafaa kujitokeza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lalama ya dereva mmoja ni rahisi kupuuzwa, lakini chama kikiweka daftari na kuwasilisha visa 30 kuhusu kizuizi kimoja, itakuwa vigumu kwa yeyote kusema hakujua. Tena hakuna dereva atakayeandamwa peke yake.

Nazo asasi husika zina deni. IPOA huchunguza na kupendekeza. Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hatua za nidhamu ziko mikononi mwa wakuu wa polisi. Mkulima hapaswi kuzungushwa kati ya ofisi hizo. Ajibiwe kwa maandishi lalama yake imefikia wapi. Asipojibiwa, atarudi kulipa na kunyamaza, na bei ya gunia itazidi kushuka.