Fundi Asiyepima Anacheza Kamari na Pesa Yako

Nasema hivi na najua kuna mafundi wataninunia. Kama unatengeneza vifaa vya watu na huna hata testa ya spea ya elfu mbili, wewe unacheza kamari. Tena afadhali anayebeti mechi, yeye hupoteza pesa yake. Wewe unapoteza ya mteja.

Naongelea kile kidude chenye kiskrini kidogo na soketi ya mashimo, kinachouzwa kwa majina kama LCR-T4 au TC1. Unachomeka kapasita, transista ama dayodi, unabonyeza kitufe kimoja tu, na baada ya sekunde chache kinakuambia hiyo spea ni nini, mguu upi ni upi, na vipimo vyake. Wazee wa kazi wanakicheka. "Hako ni ka-mchezo ka Mchina." Sawa. Lakini ubunifu wenyewe hata si wa Mchina. Mjerumani anayeitwa Markus Frejek ndiye aliuanzisha, mwenzake Karl-Heinz Kübbeler akauendeleza, na programu yake wakaiachia dunia bure. Viwanda vya Uchina viliukopi tu. Ndani mara nyingi utakuta chipu ya ATmega328, ile ile iliyo kwenye Arduino Uno. Kwa hivyo unapokicheka, ujue unacheka kazi ya miaka ya watu waliojua wanachofanya.

Kinachoniudhi ni hii tabia ya "bodi imekufa." Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, TV yake ilikuwa inapepesa taa nyekundu halafu kimya. Fundi aliifungua, akaitazama kwa macho, akamwambia atafute elfu nne na mia tano za bodi mpya. Hakupima chochote. Mama akaniletea nijaribu kabla hajakopa. Kapasita moja upande wa pawa iliandikwa mikrofaradi 1000, na testa ilisoma 860. Ukiangalia namba hiyo peke yake utasema iko sawa, na ndivyo maltimita nyingi zingekudanganya. Lakini testa inaonyesha pia ESR, yaani ukinzani wa ndani ya kapasita yenyewe, na hapo ikasoma ohm 4. Kapasita nzima ya saizi hiyo haitakiwi kufika hata nusu ohm. Imekauka, basi. Nikabadilisha hiyo na ya pembeni yake kwa shilingi 60, TV ikawaka.

Elfu nne na mia tano dhidi ya 60. Huyo mama angelipa, na asingejua kamwe.

Halafu kuna spea feki, na hapa mafundi wenyewe ndio wanaoumia kimya kimya. Chukua IRF3205, mosfeti inayopendwa sana kwenye inverta. Karatasi ya mtengenezaji inasema geti yake ina takriban pikofaradi 3200 ikipimwa kwa volti 25. Testa hupima bila hizo volti, kwa hivyo mosfeti halisi itasoma juu zaidi ya hapo. Ukiona 1000, rudisha. Ndani kuna kipande kidogo cha silikoni kilichovalishwa koti la mkubwa, na kitalipuka siku mteja atakapowasha friji. Nenda na testa yako dukani, betri ya volti 9 inatosha, pima hapo kaunta kabla hujatuma M-Pesa. Muuzaji akikasirika kwamba unapima, si ameshakujibu?

Sasa nigeukie upande wangu, maana kuna vijana wenzangu kwenye video wanakiuza kama uchawi. Wanakuonyesha kikisoma rezista, wanapiga kelele, wanaweka linki. Hawakuambii kwamba lazima utoe chaji ya kapasita kwanza. Kapasita kubwa ya pawa saplai inayotumia stima ya hapa kwetu inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Ukiichomeka hivyo, testa imekwenda, na vidole vyako viko karibu. Hawakuambii pia kwamba spea ikiwa bado imechomelewa kwenye bodi, majirani zake wanaharibu kipimo. Ama kwamba testa inapima kwa volti 5 na mkondo mdogo, kwa hivyo transista inaweza kupita hapo na bado ishindwe ikipewa mzigo wa kweli. Hiyo si sababu ya kukidharau. Kipimajoto nacho hakioni malaria, lakini nesi hakitupi.

Na usiniambie unangoja upate hela ya Fluke. Fluke ni mita nzuri sana, ikikujia ishike kwa mikono miwili. Ila wateja wako wanalipa leo, na leo unakisia.

Wewe mwenye TV, ukiambiwa bodi imekufa, uliza swali moja: umepima nini, na ikasoma ngapi? Fundi mzuri atakuonyesha namba kwenye kiskrini bila kujikuna kichwa. Na spea zilizotolewa ni zako, dai upewe hata kama ni za kutupa. Leta tuzipime pamoja.